Neno Moja Kwenye Karatasi ya Damu

Kwa Waziri wa Afya;
kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA;
kwa Bodi ya Wataalamu wa Maabara, KMLTTB;
na kwa Idara ya Afya, Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwanamaabara. Kwa miaka 22 nimechota damu za watu wa jiji hili, nimezizungusha kwenye mashine, nimezisoma na kutia sahihi majibu yake. Nawaandikia kuhusu neno moja ambalo sisi wenyewe hulitoa dirishani kila siku, tukamwachia mwananchi aende nalo nyumbani ajijue.

Mwaka jana, Ijumaa jioni, jirani yangu alibisha hodi. Anauza sukuma wiki na nyanya karibu na steji, hapa Kayole. Mtaani kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, kwa hiyo akaniambia, "Daktari, nisomee hii, lakini funga mlango kwanza." Akafungua fundo la leso, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Palikuwa na jina lake, umri wake, miaka 43, na orodha ndefu ya vipimo. Mbele ya kimoja kilichoandikwa ANA palichapwa neno moja la Kiingereza kwa herufi kubwa: POSITIVE. Hapakuwa na tarakimu wala maelezo, na nafasi ya sahihi ilikuwa na mkwaruzo usiosomeka.

Alikuwa amekaa na karatasi hiyo siku tisa. Mumewe hakujua. Siku zote hizo alilala sebuleni na mtoto wao mdogo kwa kisingizio cha joto, na kikombe chake alikitenga. Hapa Nairobi neno hilo likiwa kwenye karatasi ya damu lina maana moja tu, virusi vya ukimwi, na hakuna aliyemwambia kwamba safari hii lina maana nyingine. Mfanyakazi wa dirishani alimpa bahasha, akaita namba inayofuata.

Ningependa mjue alifikaje hapo. Hakuwa mgonjwa. Miguu ilikuwa ikimchoka, jambo lisilo la ajabu kwa mtu anayeshuka soko la Marikiti saa kumi alfajiri na kusimama hadi usiku. Alipita penye hema la kupima "mwili mzima" kwa bei ya ofa, akalipa, akatoa damu. Ndani ya kifurushi hicho walikuwa wameingiza kipimo cha magonjwa ya kinga bila kumuuliza hata swali moja: viungo vinavimba? Ngozi inaungua juani? Nywele zinakatika? Mdomo una vidonda? Katika siku zile tisa alikuwa ameshanunua dawa ya kusafisha damu kwa shilingi 3,500.

Kinga ya mwili hutengeneza kingamwili ili zikamate vijidudu. Kuna wakati hutengeneza zile zinazokamata kiini cha seli za mwenye mwili mwenyewe, na ANA ni kipimo cha kuzitafuta hizo. Juu ya kioo kuna miduara midogo, na kila mduara umetandazwa seli za binadamu zilizokuzwa maabarani, ziitwazo HEp-2. Unadondosha seramu ya mgonjwa, yale majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe, unaiacha nusu saa kwenye kisanduku chenye unyevu, unaosha. Unadondosha rangi inayonata kwenye kingamwili za binadamu, unangoja tena, unaosha. Kisha unaingia chumba cha giza.

Ikiwa kingamwili zipo, viini vya seli vinawaka kijani chini ya darubini, kama embe changa lililomulikwa tochi. Mara yangu ya kwanza kuviona nilimwita mwenzangu aje atazame, na mpaka leo sijachoka kutazama. Kuna damu ambayo kiini kizima huwaka sawasawa kama sahani. Kuna ambayo hujaa vitone kama mtama uliomwagika. Kuna ambayo huwaka madoa machache tu katikati. Kila sura inamwelekeza daktari pake: ya sahani humfanya atafute kingamwili dhidi ya DNA, ambazo ni za lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe; ya vitone humpeleka kwenye kingamwili ziitwazo Sm, Ro na La; ya madoa machache humfanya afikirie sklerodema, ugonjwa unaokaza ngozi. Tangu 2014 wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakizipa sura hizi namba za pamoja, AC-1, AC-2 na kuendelea, ili aliyesoma Nairobi na aliyesoma São Paulo waelewane. AC-2, kwa mfano, mara nyingi huonekana kwa watu wasio na ugonjwa wowote wa aina hii. Yote haya mwanamaabara anayaona kwa macho yake, halafu anatoka chumba cha giza na kuandika neno moja.

Kisha kuna kiwango, na hapa ndipo penye uzito wa barua yangu. Seramu haisomwi ikiwa nzito, huzimuliwa. Chukua kikombe cha chai yenye sukari, mimina nusu kwenye kikombe kingine, jazia maji, onja. Rudia. Utamu ukikwisha kikombe cha pili, sukari ilikuwa kidogo. Ukifika kikombe cha sita na bado ni tamu, hiyo sukari ilikuwa nyingi mno. Sisi huanza 1:40, yaani sehemu moja ya seramu katika 40, tukaenda 1:80, 1:160, 1:320, mpaka mwanga uzime. Mwaka 1997 maabara 15 za nchi mbalimbali zilichapisha kazi waliyoifanya kwa damu za watu wenye afya zao. Kwa 1:40, karibu watu 32 katika kila 100 waliwaka. Kwa 1:80 walikuwa 13, kwa 1:160 watano, na hata kwa 1:320 walibaki watatu. Watu wazima kabisa wa afya, waheshimiwa, kazini kwao na shambani kwao.

Damu ya jirani yangu niliomba irudiwe mahali wanapotumia darubini. Ikawaka kwa 1:80, vitone vyembamba, ikaishia hapo. Daktari bingwa akamkagua viungo, ngozi na mdomo, akaangalia mkojo na hesabu ya chembe za damu, hakuona kitu. Akamrudisha nyumbani. Alilia kwenye matatu kutoka mjini mpaka Kayole, na sidhani kama alilia kwa furaha peke yake.

Si damu yenye afya tu inayoweza kuwaka. Kifua kikuu huweza kuiwasha, homa ya ini pia. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu ambayo Wakenya wengi wamemeza kwa tiba au kwa kinga, huweza kuleta kingamwili hizi, na kwa wachache ikaleta dalili zenyewe zinazofanana na lupasi. RF, kipimo cha baridi yabisi ambacho historia yake huanzia kwa Erik Waaler wa Norwe mwaka 1940, nacho huwaka kwa kifua kikuu, kwa homa ya ini aina ya C, na kwa uzee mtupu. Katika mji kama huu wenye kifua kikuu, kumpima kila apitaye kisha kumpa neno tupu ni kumtia mtu ugonjwa ambao hana.

Lakini ningekuwa na kisa cha jirani yangu peke yake, huenda nisingeandika. Naandika kwa sababu ya binti wa dada yangu.

Ni msusi, Githurai. Alikuwa na miaka 21 vidole vyake vilipoanza kukataa asubuhi. Mpaka saa nne hawezi kushika hata chanuo. Kisha mashavu yakamtoka wekundu mweusi, unaozidi akikaa juani. Wateja wakasema ni mkorogo, naye hajawahi kujipaka mkorogo. Vidonda vya mdomoni visivyouma, nywele kukatika kwenye paji la uso. Hospitali moja ikampima ANA na RF. Nimeiona karatasi, ninayo. Mstari wa kwanza: POSITIVE. Mstari wa pili: NEGATIVE. Aliyempokea akatazama mstari wa pili, akamwambia si baridi yabisi, akampa dawa za maumivu. Ule wa kwanza hakuna aliyeuuliza kitu. Hakuna aliyemwomba mkojo.

Alimeza dawa hizo miezi saba. Mimi sikuambiwa, mtoto hakutaka kuonekana mdhaifu mbele ya mama mdogo aliyemlipia ada ya chuo. Siku aliyonipigia alisema, "Mama mdogo, viatu havinitoshi." Nilimkuta miguu imejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Nikampa chupa. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni, na ukanda wa kupimia ulibadilika rangi kabla sijamaliza kuuweka mezani: protini misalaba mitatu, damu misalaba miwili. Ukanda huo ni katika vitu vya bei ya chini kabisa vilivyomo maabarani. ANA yake tuliizimua mpaka 1:1280 na bado viini vilikuwa vinawaka kama sahani. Kingamwili dhidi ya DNA juu sana, C3 na C4, protini za kinga ambazo hupungua lupasi inapochachamaa, chini. Kipande cha figo kilipochukuliwa, jibu likawa lupasi iliyoingia figoni.

Jirani yangu wa 1:80 na mtoto wetu wa 1:1280 walipewa karatasi zinazofanana. Mmoja alitishwa bure, mwingine akaachwa. Lupasi hushika wanawake zaidi, tisa kwa kila kumi, na wengi wao ni wa umri wa kuzaa. Ndio hawa hawa tunaopishana nao kwenye ngazi za hospitali wameshika bahasha. Vigezo vilivyotolewa 2019 na vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani vinaanza na ANA ya 1:80 au zaidi kama mlango tu. Baada ya mlango kuna kuhesabu dalili, chembe za damu, kingamwili nyingine na protini ya mkojo inayozidi nusu gramu kwa saa 24. Karatasi isiyo na kiwango haiwezi kumwambia daktari hata kama mlango umefunguliwa.

Mimi pia nimewahi kutia sahihi karatasi za namna hiyo, miaka ya nyuma, kwa kuwa fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu. Sijui wako wapi wale watu.

Na tunajua kufanya vizuri zaidi, kwa sababu tumeshafanya, hapa hapa. Kwa virusi vya ukimwi hakuna Mkenya anayepaswa kupewa jibu chanya kwa kipimo kimoja. Kuna vipimo vingine vya kuthibitisha. Kuna mshauri, chumba chenye mlango unaofungwa, na mtu wa kukueleza kwa lugha yako. Sampuli za kupima wingi wa virusi husafirishwa kutoka zahanati mpaka maabara kubwa, majibu yakarudi. Damu ya kitoto kichanga hukaushwa kwenye kadi na kusafiri. Nchi hii ilijifunza, kwa gharama ya makaburi mengi, kwamba neno lile halitolewi dirishani. Basi kwa nini neno lile lile, kwa ugonjwa mwingine, linatolewa kama risiti ya duka?

Kwenye kliniki za wajawazito nimeona lingine la namna hii. Kipimo cha kaswende cha VDRL hutumia kadiolipini, aina ya mafuta, na mwanamke mwenye lupasi anaweza kuwa na kingamwili dhidi yake. Damu inajibu chanya ilhali hajawahi kuwa na kaswende. Kipimo cha TPHA, kinachotafuta kingamwili za kijidudu cha kaswende chenyewe, kingelimaliza jambo siku hiyo hiyo. Nimemwona mama wa mimba ya miezi sita akiletwa na mume ili "arudie mbele yangu". Sitaeleza zaidi; ndoa ile haikupona.

Sasa naja kwa maombi, na Bodi naianza kwanza kwa sababu la kwake halihitaji bajeti. Toeni agizo la ukurasa mmoja: jibu la ANA lisitoke maabara yoyote, ya serikali au ya mtu binafsi, bila kutaja njia iliyotumika, kiwango cha mwisho kilichowaka na sura iliyoonekana. Njia nayo ni muhimu. Mashine za Elisa hutafuta protini chache zilizobandikwa kwenye sahani, na zinaweza kukosa kile ambacho seli nzima ingeonyesha. Chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kimekwisha kusema kwamba maabara inapaswa kusema ilitumia ipi. Daktari asiyejua njia anasoma kipofu.

Chini ya jibu yachapwe maneno haya, au yanayofanana nayo, kwa Kiswahili: "Kipimo hiki peke yake hakithibitishi ugonjwa wowote. Watu wengi wenye afya huwa na kiwango kidogo. Hiki si kipimo cha virusi vya ukimwi. Onana na daktari ukiwa na karatasi hii, na upimwe mkojo." Ni sentensi nne. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi wa huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nayo kikamilifu. Jirani yangu alinunua huduma. Alinufaika na nini?

Idara ya Kaunti, vibali vya biashara vya hayo mahema viko mikononi mwenu. Mtu asiye na dalili asiuziwe ANA. Hata madaktari wa Marekani, kwenye nchi yenye fedha kuliko yetu, walishauriana tangu 2013 kwamba vipimo vidogo vinavyofuata ANA visiagizwe kama ANA haikuwaka au daktari hana shaka ya ugonjwa. Na mjitwalie jambo moja la kwenu: hospitali za kaunti, Mama Lucy, Mbagathi na Pumwani, zikubaliane kwamba msichana au mama yeyote anayekuja na viungo vilivyovimba pamoja na upele, vidonda vya mdomo au nywele kukatika, anapimwa mkojo, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo) na hesabu ya chembe siku hiyo hiyo, kabla hata ya kufikiria kingamwili. Mkojo kwanza. Nikipata hilo moja tu, nitalala.

SHA, tangu Oktoba 2024 tunachangia asilimia 2.75 ya mapato yetu, na mfuko wa magonjwa sugu na mahututi upo kwenye sheria yenu. Dada yangu aliuza cherehani mbili kulipia dsDNA, yaani kile cha kingamwili dhidi ya DNA, C3, C4 na kipimo cha figo, na hizo cherehani ndizo zilizokuwa zikilisha nyumba. Wekeni mlolongo huu kwenye orodha yenu kama kitu kimoja: mgonjwa mwenye dalili, ANA yenye kiwango, ikifuatiwa na vile vya kuthibitisha. Mkiulipia mlolongo mkaacha kulipia ANA za kubahatisha, sioni mtakapopata hasara. Gharama halisi inakaa kwenye kiti cha kusafishia damu mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, na nyinyi ndio mnaolipia kiti hicho.

Mheshimiwa Waziri, najua utaambiwa darubini za mwanga huu ni ghali na wasomaji wake ni wachache. Ni kweli. Hazihitajiki kila hospitali. Zinahitajika mahali pachache penye wasomaji waliofunzwa na wanaokaguliwa, na sampuli ziende huko kwa njia zile zile zinazobeba za virusi. Seramu iliyotengwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi inastahimili safari ya kutoka Kayole mpaka mjini. Kinachotakiwa ni kisanduku cha barafu, mwendeshaji wa pikipiki na daftari. Kusoma kwenyewe kunafundishika. Nimewafundisha vijana watatu kwa mkono wangu, na wote sasa wanaitofautisha sahani na vitone bila kuniuliza.

Msichana wetu yu hai. Anameza haidroksiklorokwini kila siku, na steroidi ambazo zimemviringisha uso mpaka akaacha kupiga picha. Kreatinini yake ilishuka ikasimama; haijarudi ilipokuwa, na daktari ametuambia wazi kwamba huenda isirudi. Ameanza tena kusuka, vichwa viwili kwa siku, akikaa mbali na dirisha.

Mfano wa karatasi ninayoiombea, wenye mistari yake yote, nimeuchapa na kuutia kwenye bahasha nne pamoja na barua hii. Ya Wizara nitaiacha mapokezi, Afya House, Jumatatu asubuhi, nisainiwe kitabu. Kliniki ya msichana wetu inayofuata ni Alhamisi ya wiki ijayo, na chupa ya mkojo nitaipima mwenyewe alfajiri kabla hatujapanda matatu. Nitashukuru kama hadi siku hiyo mmoja wenu atakuwa ameifungua bahasha yake.

Wenu mtiifu,
Mwanamaabara, Kayole, Nairobi